Salvia Ipi kwa Udongo Upi

Msikilizaji, mvua za masika zikikaribia, wauza miche kando ya barabara huweka salvia mstari wa mbele, na wanunuzi huvutwa na wekundu wake. Mimi nasema tuchague kwa udongo kwanza, maua baadaye. Salvia ni jamii moja na mnanaa na mrehani, aina zake zinakaribia 1,000, na bustani isiyo na salvia ya kuifaa ni adimu.

Anza hivi. Chimba shimo la kina cha futi moja, jaza maji, yakishanywewa jaza tena. Ukiamka kesho yake na kuyakuta bado yametuama, usipande hapo salvia ya jikoni, ile ya majani ya kijivu yanayokwaruza kidogo vidoleni, ambayo wapishi huitia kwenye nyama. Asili yake ni miteremko ya mawe kandokando ya Bahari ya Mediterania. Jua haliisumbui, kinachoiua ni mizizi kukaa majini. Kwa hiyo wewe wa Athi River, mwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, inua tuta, changanya kokoto, au panda kwenye ndoo iliyotobolewa chini, na umwagilie udongo wa juu ukishakauka. Pwani hata ndoo huenda isitoshe, maana unyevu wa hewa huleta ukungu kwenye majani.

Kwa Mombasa na Dar es Salaam ningechagua Salvia coccinea. Maua yake ni mekundu, membamba, chozi huyapenda, na mbegu zake huanguka zikaota zenyewe. Mwenye kivuli chepesi, tuseme penye jua la asubuhi tu, achukue Salvia splendens ya Brazili, ila asiiache na kiu. Ndiyo maana huniuma kuiona kwenye mizunguko ya barabara, juani kutwa, ikisubiri gari la maji. Pale pangefaa Salvia leucantha ya Meksiko, yenye vishada vya zambarau vilivyojaa manyoya laini. Ikishashika mizizi huvumilia ukame vizuri, na huhitaji kununua miche mingi: kata tawi changa lisilo na ua, urefu wa kidole, pukutisha majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini.

Palipo na tope lisilokauka kuna Salvia uliginosa ya Amerika Kusini, yenye maua ya samawati. Ipe nafasi, kwani mizizi yake hutambaa.

Nanyi wenye vitalu, nina ombi. Nyanda zetu za juu zina salvia za kwao, Salvia nilotica na Salvia merjamie, zinazoota bila kupaliliwa na mtu. Zikusanyieni mbegu, mzioteshe, mtuuzie na hizo.