Gereza la zamani linatufundisha nini?



Wengi wanauliza: nyumba iliyotesa watu, tuibomoe ili tusahau? Tutazame mji wa Jim Thorpe, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Gereza lake la mawe lilimalizika kujengwa mwaka 1871, likafunga watu hadi 1995. Leo ni makumbusho.

Tarehe 21 Juni 1877, wanaume 4 walinyongwa humo siku moja. Walikuwa Waairlandi wa eneo la migodi ya makaa ya mawe, jamii ambayo wengi wao walikuwa wamekimbia njaa kwao. Ni kweli, wakubwa wa migodi walikuwa wameuawa. Lakini mpelelezi alilipwa na kampuni, na mawakili wa kampuni ndio walioshitaki. Kilio kikabaki. Jack Kehoe, aliyenyongwa 1878 katika mji wa Pottsville kwa kesi za namna hiyo, alipewa msamaha wa serikali mwaka 1979. Miaka 100!

Gereza lilipobaki, wajukuu wa pande zote walipata mahali pa kuuliza: nani aliua, nani alionewa?

Ndugu, sisi tusingoje miaka 100. Tukae na wazee, tuandike majina ya wafu wetu na wafu wa jirani pia. Tusiandike kwa kulipiza kisasi. Tuandike ili watoto wetu wasirithi nusu ya habari, maana nusu hiyo ndiyo inayowasha moto tena.