Nani atalipa mafuta ya redio?

 

Tumekuja kusema juu ya makuta ya redio ya mtaa. Munaijua kwa komunike: kilio, mutoto aliyepotea, mkutano wa chama. Mtu akirudia kisha miaka mingi, kule njo anatafutia ndugu zake.

Lakini redio yenyewe inaishi na nini? Umeme unatoka Mwadingusha na Koni, karibu yetu hapa, na bado kura inakatika Likasi. Ikikatika, ni mafuta ya gurupu, ama kimya. Watangazaji wengi hawana mshahara. Wanaishi na kopaje, zile franga za transport anazotoa mwenye kuita mkutano. Shida inaanzia hapo. Mwenye kopaje anasikika. Asiye nayo habari yake inalala. Tuseme mmoja wenu amerudia, amekuta mtu mwingine ndani ya parsele yake, na huyo mtu ana mkono mrefu mjini. Nani atalipa ili redio iulize pande zote mbili?

Wengine watasema: muombe bazungu. Redio Okapi ilianzishwa Februari 2002 na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, na nyuma yake kulikuwa Umoja wa Mataifa. Redio ya kwetu haina baba kama huyo. Na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona miradi ikifungwa mbio mbio. Sisi wa ONG tunaweza kuleta mashine ya kurushia, hata kufundisha vijana. Mafuta ya kila juma, mradi unayahesabu mpaka siku unapoisha. Kisha pale anakuja mheshimiwa na pipa lake, mbele ya uchaguzi. Pipa ni la bure, ndiyo, lakini subirini siku mutakuwa na neno juu yake.

Tunachoomba ni kidogo. Munajua likelemba, hatuna cha kuwafundisha. Watu 200 wakitoa 1.000 FC kila mwezi, ni 200.000 FC. Haitoshi kwa yote, ila inanunua mafuta, na redio inaweza kukataa pipa la mtu. Komunike za chama nazo zilipwe, hata za kilio, kwa bei ndogo inayojulikana na wote. Redio kwa upande wake isome hewani, kila mwisho wa mwezi, makuta yaliyoingia na yaliyotoka. Isiposoma, musitoe tena.

Jambo moja gumu: kutoa 1.000 hakukupi ruhusa ya kuchagua habari. Siku redio itauliza juu ya makuta ya chama hiki chenyewe, komite itajibu kama wengine. Tunaona wengine wanacheka. Mukubaliane juu ya hilo mbele ya kuandika majina. Kaye iko kwa sekretari.