FAIDA YA KUWA NA MACHO MAWILI
Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee na wazazi wa pwani ya Tanga



Mimi si tabibu. Kazi yangu ni ukarani, kuandika barua na kutunza hesabu. Lakini liko jambo moja ambalo nimejifunza kwa uchungu, nami naona si vema kulificha. Jambo lenyewe ni hili: Kwa nini tumepewa macho mawili wala si moja? Wengi hujibu upesi kwamba la pili ni akiba. Likiharibika moja, libaki jingine. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Leo nataka kuwaonyesheni nusu ya pili.

Kwanza tujaribu wenyewe. Mama mmoja hapa na ashike sindano kwa mkono wa kushoto na uzi kwa mkono wa kulia, aifikishe mbele kidogo, kisha afumbe jicho moja na kujaribu kuutia uzi tunduni. Mtaona uzi unapita mbele ya tundu, au nyuma yake, ingawa sindano anaiona vizuri sana. Na akifumbua macho yote mawili, kazi huwa nyepesi. Basi jicho moja lilimwonyesha sindano, lakini halikumwambia sawasawa iko umbali gani.

Jaribio la pili: Simamisha kidole kimoja mbele ya uso wako, ukitazame pamoja na mnazi ulio mbali. Fumba jicho la kushoto. Kisha lifumbue na kufumba la kulia. Kidole chaonekana kimeruka upande mmoja wa mnazi, na hali hukukisogeza. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kila jicho lina picha yake. Kati ya mboni na mboni ya mtu mzima ni kama sentimeta 6, na kwa sababu hiyo macho mawili hayatazami kitu kutoka mahali pamoja. Kitu kikiwa karibu, picha mbili hutofautiana sana. Kikiwa mbali, hutofautiana kidogo. Ubongo huzipokea picha hizo mbili, huzilinganisha, na katika ile tofauti hupata kujua kina na umbali. Kazi hii huifanya upesi mno, wala sisi hatuna habari nayo.

Elimu hii si ya jana. Mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, na humo alichunguza jinsi macho mawili yanavyoona kitu kimoja. Na mwaka 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwa chombo cha vioo viwili kwamba picha mbili bapa za kitu kimoja, moja kama kionwavyo na jicho la kulia na ya pili kama kionwavyo na la kushoto, zikionyeshwa kila moja kwa jicho lake, mtazamaji huona kitu kimoja chenye kina, kana kwamba angeweza kukishika.

Tazameni pia wanyama. Mbuzi macho yake yako pande mbili za kichwa, apate kumwona adui atokaye huku na huku. Bali mbega wa misitu ya Usambara, arukaye kutoka tawi hata tawi, macho yake yametazama mbele yote mawili. Akikosea umbali kwa shibiri moja, ataanguka. Na mkwezi wetu wa minazi, anyooshaye mkono juu kabisa kukata dafu, katika jambo hili ni ndugu yake mbega.

Lakini msidhani macho mawili hupima kila umbali. Kitu kikiwa sentimeta 30 mbele ya uso, macho hukutana juu yake kwa pembe ya digrii 12 hivi. Kikiwa mita 30, pembe hiyo ni kama sehemu ya nane ya digrii moja tu. Kwa hiyo, kadiri kitu kinavyokwenda mbali ndivyo nguvu hii inavyopungua, na hapo hapana budi kutumia dalili nyingine: kilicho karibu hukifunika kilicho mbali; chombo kikienda mbali huonekana kidogo; na milima ya mbali huwa ya rangi ya samawati. Kila mtu wa Tanga amepata kuona jinsi milima ya Usambara inavyofifia wakati wa ukungu ikaonekana iko nchi nyingine, na mvua ikisha kunyesha hewa ikatakata, huonekana imesogea hata mtu adhani atafika kwa miguu kabla ya adhuhuri. Milima haikusogea, ila dalili imemdanganya. Tena msafiri aendaye Korogwe huona mistari ya mkonge iliyo kando ya njia ikikimbia nyuma, na milima ikitembea pamoja naye. Hiyo nayo ni dalili: cha karibu hupita upesi, cha mbali hupita polepole.

Na kule kuruka kwa kidole kwaweza kutufaa pwani. Nyosha mkono mbele kabisa, simamisha kidole gumba, ukitazame pamoja na jahazi lililotia nanga, kwanza kwa jicho moja kisha kwa jingine. Kadiria kidole kimeruka urefu wa majahazi mangapi. Kwa kuwa toka jicho hata kidole ni kama mara kumi ya nafasi iliyo kati ya mboni zako, zidisha kwa kumi. Mathalani, jahazi lina urefu wa mita 12, na kidole kimeruka urefu wa majahazi matano. Hizo ni mita 60, na umbali wake ni kama mita 600. Si kipimo cha mpima ardhi, lakini chapita kubahatisha.

Sasa nawaelezeni sababu ya maneno yangu.

Mdogo wangu alikuwa mkata mkonge. Mnaujua mkonge, uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikokwe karibu na Pangani, na ncha ya jani lake ni mwiba mkali. Siku moja mwiba huo ulimwingia jichoni, na jicho likapotea. Alipotoka hospitali nalimwona akimimina chai nje ya kikombe, akijikwaa kwenye kizingiti, na akipewa mkono, mkono wake ukapita kando. Majirani wakanong'ona kwamba amekuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Alikuwa amepoteza kipimo chake. Baada ya miezi kadha alijifunza kugeuza kichwa huku na huku ili apate zile dalili nyingine, akagusisha mdomo wa birika na kikombe kabla ya kumimina, na leo afanya kazi zake vizuri. Basi mkimwona mwenye chongo akikosea, msimcheke.

Lakini habari inayoniuma zaidi ni ya mtoto wa dada yangu. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu jicho lake moja lilianza kuelekea puani. Dada yangu akaniuliza, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma katika nyumba yetu. Nikamjibu, "Mwache, ni makengeza tu, akikua yatanyooka." Hatukwenda kwa mganga wala hospitali. Alipofika miaka tisa, mwalimu akaona kwamba akifunikwa jicho zima hawezi kusoma ubaoni. Tabibu wa macho alitueleza kwamba jicho lile halina kidonda wala ugonjwa ndani yake. Ni ubongo ulioacha kulisikiliza. Macho mawili yakitazama pande mbalimbali, ubongo wa mtoto hupata picha zisizopatana, hata huchagua moja na kuitupa ya pili. Jicho lililotupwa huwa jicho vivu. Wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa watoto wa paka kwamba jicho likizuiwa kuona katika siku za utoto, ubongo hauliungi tena sawasawa, hata likifunguliwa baadaye.

Mtoto wetu alipewa miwani, na jicho zima likafunikwa kwa saa kadha kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Amefaidika kidogo, si kama ambavyo angefaidika tungalikwenda mapema. Lawama ni yangu.

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi nalifanya kinyume: kwa kupenda na kwa kupuuza naliliacha kengeza likakaribia kuwa chongo.

Kwa hiyo nawasihi mambo manne. La kwanza: macho ya mtoto mchanga yaweza kupishana mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, lakini yakiendelea kupishana baada ya mwezi wa nne, apelekwe kwa tabibu. La pili: mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, msingoje hata wiki, kwa maana yaweza kuwa saratani iuayo. La tatu: msitie jichoni maji ya majani wala dawa msiyoijua, kwani yaweza kuharibu kioo cha jicho. La nne: mfunikeni mtoto jicho moja kwa zamu, mtazame kama analia au anakataa upande mmoja. Akifanya hivyo, nendeni zahanati, mwelekezwe hospitali ya Bombo hapa Tanga, au KCMC huko Moshi. Matibabu yaanze mapema, bora kabla ya miaka saba, kwa sababu baadaye nafasi hupungua sana.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na jicho moja halipimi kina. Mwenye mtoto na amtazame leo jioni, akirudi nyumbani.