Kifungo Kipewe Shingo

Ukifika Biashara Street katikati ya jiji la Nairobi, au soko la Toi karibu na eneo la Adams, utapata vifungo vya kila aina. Vya plastiki, vya chuma, vya mbao. Kabla hujalipa, beba nguo yenyewe. Pitisha kifungo kwenye tundu lake. Kipite kwa kusukumwa kidogo. Kikipita chenyewe, kitafunguka ukiwa ndani ya matatu ya Kawangware.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo vifungo vingi vinapong'oka. Kifungo cha koti au sweta ya shule kinahitaji shingo. Shingo ni nafasi ndogo ya uzi kati ya kifungo na kitambaa. Bila nafasi hiyo, kitambaa kizito hubanwa, uzi huvutwa kila siku, na mwishowe hukatika.

Fanya hivi. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo. Shona ukipitisha uzi juu ya njiti hiyo. Ukimaliza, chomoa njiti, inua kifungo. Zungusha uzi chini yake mara kadhaa, kisha piga fundo upande wa ndani. Nakuomba, mzazi, usiiharakishe hatua hii. Nasema tena: kifungo kipewe shingo.

Shati jepesi linataka shingo fupi tu.

Na nguo ya mtoto mchanga? Vuta kila kifungo kwa nguvu kabla hujamvisha. Kikicheza, kishone upya leo hii. Mtoto hukitia kinywani, na kinaweza kumkwama kooni.