Wasubiri Kinanda Mpaka Lini?

Ndugu msikilizaji, majuzi nilikuwa Tunduma. Kwa usiyepajua, ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, ule uliozaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mbeya. Ukivuka barabara tu umeingia Nakonde, Zambia. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa imelala. Dereva aliyenipa lifti alizima injini, nami nikashuka kunyoosha miguu.

Nyuma ya kibanda kimoja cha chipsi nikasikia watu wakiimba Injili. Si kwaya, wala si redio. Nikachungulia. Walikuwa wanne, marafiki tangu shule ya msingi. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja anauza vocha, binti mmoja ni fundi cherehani, na wa nne hana kazi. Walikuwa na gitaa la kuazima lililopungukiwa uzi mmoja. Huyo asiye na kazi alishika banjo aliyoitengeneza mwenyewe: tumbo lake ni dumu la mafuta ya kula, shingo ni ubao, na nyuzi ni nyaya zilizochambuliwa kutoka kwenye breki ya baiskeli.

"Shikamoo mzee," wakasema, wakanyamaza kana kwamba nimewafumania.

"Marahaba wanangu. Mbona mmeacha?"

Basi wakanieleza. Waliomba kuimba kanisani kwao Jumapili moja. Kanisa lenyewe silitaji. Mzee mmoja wa kamati akawaambia wasubiri wapate kinanda cha umeme na spika. Hayo madumu, akasema, ni mambo ya kilabuni, tena ni uigaji wa wageni. Maana vijana hawa walikuwa wameonyeshwa na dereva mmoja, kwenye simu, picha za Wamarekani wakiimba nyimbo za dini kwa banjo, fidla na mandolini, na ndipo walipopata wazo lao.

Muziki ule wa kwenye simu unaitwa blugrasi. Jina limetoka kwenye kundi la Bill Monroe, mzaliwa wa Kentucky, aliloliita Blue Grass Boys. Mwaka 1939 kundi hilo liliingia katika kipindi cha Grand Ole Opry, kilichokuwa kikirushwa na redio ya WSM ya Nashville usiku wa Jumamosi, na likajulikana mbali. Sisi watu wa redio tunapenda kusikia habari kama hizo. Mwaka 1945 akajiunga nao kijana Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu hadi watu wakashangaa.

Lakini hiyo banjo yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwetu Afrika. Waafrika waliochukuliwa utumwa walikwenda na ujuzi wa kutengeneza vyombo vya nyuzi kwa kibuyu na ngozi, wakaviunda upya huko ugenini, na kwa vizazi vingi banjo ilihesabiwa kuwa chombo cha watu weusi. Hata Bill Monroe mwenyewe alikiri kwamba katika ujana wake alijifunza mengi kwa mpiga gitaa mweusi, Arnold Shultz. Sasa mzee wangu wa kamati, kati ya kinanda cha umeme na lile dumu, mgeni ni yupi?

Wala hatuhitaji kwenda Kentucky. Hapo Mbozi, mwendo mfupi kutoka Tunduma, Wamoraviani walifungua kituo mwaka 1899. Mmisionari wao Traugott Bachmann aliona kwamba tuni za Kijerumani hazikuwagusa Wanyiha kama nyimbo zao wenyewe, akawahimiza waimbe Injili kwa tuni za nyumbani. Mjerumani aliliona hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hata hivyo sitaki kumwonea mzee. Nilikaa nikasikiliza nyimbo tatu. Ya kwanza ilinisisimua. Ya pili banjo ilianza kulegea. Kufika ya tatu, gitaa lilikuwa linakwenda Mbeya na banjo inakwenda Lusaka. Waya wa breki haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na vigingi vya mbao vinateleza. Kijana atafute seremala amchongee vigingi vinavyobana, na kila wimbo ukiisha akaze tena nyuzi bila aibu. Na kama banjo imegoma, waiweke chini. Kundi la Monroe lenyewe, lilipofika kwenye nyimbo za Injili, mara nyingi liliacha banjo na fidla pembeni, likabaki na gitaa, mandolini na sauti nne.

Sauti hizo nne, ndugu msikilizaji, hao vijana wanazo. Yule binti fundi cherehani anashika ya juu bila kupiga kelele, na muuza vocha anajua kunyamaza wakati wa mwenzake. Jambo hili la kunyamaza ni gumu kuliko kuimba. Wapigaji wa blugrasi walizoea kuzunguka kipaza sauti kimoja. Mwenye zamu husogea mbele, akimaliza hurudi nyuma, na asiyerudi huwafunika wenziwe. Kanisa lenye kipaza sauti kimoja linawatosha kabisa.

Kinachonisumbua ni muda. Kinanda wanachoambiwa wanunue ni fedha ambayo wote wanne wakichanga hawataipata mwaka huu wala mwakani. Na yule mwenye banjo amepata kazi ya utingo. Lori limepakiwa, linasubiri karatasi tu, na likivuka hajui atarudi lini. Wenzake hawasemi, lakini wanajua akiondoka kundi limekwisha kabla hata halijapata jina. Anaomba aimbe Jumapili moja, wimbo mmoja, mama yake akiwa ameketi pale mbele.

Dakika tano, mzee wangu. Kwenye ibada ya saa tatu hizo dakika zinapatikana, hata kwenye matangazo peke yake zinapatikana.

Niliwauliza kama watakwenda kumwona tena. Binti akasema watakwenda Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya. Mara malori yakaanza kunguruma na dereva wangu akapiga honi. Nilipogeuka kuwaaga, mwenye banjo hakuniona, alikuwa ameinama sikio kwenye dumu, anakaza uzi.