Nasaba ya Neno Matabishi
Mhadhara wa umma, Chuo Kikuu cha Lubumbashi



Hapana mkazi wa Lubumbashi asiyelijua neno matabishi, kwani mchukuzi wa sokoni apewapo zaidi ya ujira waliopatana huiita ziada hiyo hivyo, na karani asiyekubali kugonga muhuri mpaka ashikwe mkono huitaka rushwa yake kwa jina lilo hilo. Na huu upana wa maana, kutoka ihsani hata rushwa, ndio ulionitamanisha kuitafuta nasaba yake.

Kwamba neno lenyewe ni la Kireno, matabicho, na kwamba tafsiri yake ni kuua mdudu, habishi mtu. Ubishi ni juu ya mdudu. Wafaransa, wenye msemo wa namna hiyo hiyo kwa funda la pombe la alfajiri, husimulia ya kuwa mwaka 1519, mke wa bwana mmoja wa baraza la mfalme, de La Vernade, alipokufa ghafla, matabibu walimpasua wakaona mnyoo moyoni, nao ukafa kwa kipande cha mkate kilichochovywa katika mvinyo. Mimi naiona ni hekaya iliyotungwa nyuma ya msemo ili kuupa sababu; imani ya kuwa kileo kikali juu ya tumbo tupu huangamiza minyoo ilienea Ulaya, wala haikuhitaji maiti ya bibi yeyote.

Lenye uzito kwetu ni njia ambayo neno lilitufikia. Wako wasemao lilitoka magharibi pamoja na misafara ya Waovimbundu wa Angola, waliofanya biashara ya pembe na watumwa na Msiri huko Bunkeya, mtawala ambaye miongoni mwa wakeze alikuwamo Maria de Fonseca wa Bié. Dhana hii ina nguvu, ila huko Angola matabicho kwa watu wa leo ni chakula cha asubuhi. Wengine husema lilipanda kutoka Boma na Matadi, mikononi mwa maofisa wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiwa na maana ya zawadi juu ya malipo. Wala maana kugeuka si ajabu: hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na watemi katika njia itokayo Bagamoyo, nayo leo ni jina la aibu.

Nami naegemea upande wa Boma, kwa hoja ya irabu moja. Neno lililopokewa kinywani mwa Mwangola lingetarajiwa kuishia kwa o au u. Letu huishia kwa i, irabu ambayo Kiswahili hupenda kuipachika mwishoni mwa maneno yaliyokuja bila irabu, kama basi na polisi, na Wabelgiji walilitamka matabiche, mwisho wake umekatwa. Atanijibu mjuzi kwamba Mreno wa Lisbon naye huimeza o ya mwisho. Ni kweli, na jibu hilo lanisumbua. Anayetaka kunishinda na aanzie katika maandishi ya mmisionari Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886 kwa njia ya Bié, kabla Mbelgiji yeyote hajakanyaga hapo.