Amande ya barabarani: uliza PV, uliza OPJ, lipa ku banki

Maneno tuliyoyasema mbele ya manseba, shofere wa taksi-basi na wanafunzi, Lubumbashi



Hatukuja hapa kutukana polisi. Kutukana ni bure, na kesho asubuhi utakutana naye tena pa rond-point yake. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kinachokula feza ya mji huu kila siku bila mtu kuandika hata mstari mmoja: ile tunayoita amande ya barabarani, ambayo mara nyingi si amande hata kidogo.

Tuanze na hesabu ya manseba. Pikipiki si yake. Kila jioni lazima apelekee mwenyewe versema. Akitoa versema na esansi, kinachobaki njo chakula, kodi ya nyumba na masomo ya mtoto. Sasa asubuhi saa mbili wanamkamata, wanachomoa ufunguo, wanasema: « Twende ku biro. » Akienda ku biro, siku imekufa. Akitoa franka 5 000 palepale, siku inaendelea. Kwa hiyo anatoa. Hatumhukumu. Kila mmoja wetu angefikiri vilevile. Lakini ule mpango wote unasimama juu ya jambo hilo moja: wanajua wakati wako ni ghali kuliko haki yako. Hawauzi msamaha wa kosa. Wanakuuzia siku yako mwenyewe.

Basi tuseme sheria inasema nini, juu ya wengi wetu tunajua bei ya kutoka lakini hatujui njia ya kutoka.

Kodi ya barabara ya Kongo, le Nouveau Code de la Route, ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Iliandikwa wakati feza yetu ilikuwa zaire. Ile feza ilishakufa, franka ya Kongo ikaingia mwaka 1998, lakini sheria ni ileile. Njo maana viwango vya leo vinatoka ku arete za mawaziri, si ku kichwa cha mtu aliyesimama barabarani na filimbi. Anayekuambia « kosa hili ni dola 50 », muulize kwa heshima: « Shefu, iko ku karatasi gani? » Kiwango cha kweli kina karatasi. Kisicho na karatasi ni bei ya soko.

Halafu kuna watu wawili ambao tunawachanganya kila siku. Wa kwanza ni ajenti wa PCR aliye barabarani. Kazi yake ni kuongoza magari, kuangalia makaratasi, kuona kosa na kuliandika. Wa pili ni OPJ, ofisa wa polisi judisieri. Huyu wa pili njo sheria inampa uwezo wa kukupendekezea amande transaksioneli. Sikilizeni vizuri neno hilo: kukupendekezea. Kodi ya utaratibu wa jinai, dekre ya tarehe 6 Agosti 1959, katika artikle ya 9 inasema OPJ anaweza kumwalika mwenye kosa alipe kiasi fulani kwa Hazina ya Leta, akiona kwamba hata tribinali ingemkata amande tu. Na kiasi hicho hakiwezi kupita kile cha juu kabisa kilichowekwa na sheria kwa kosa hilo.

Mwaliko, wandugu. Mtu akikualika arusi unaweza kukataa. Amande transaksioneli pia unaweza kuikataa. Ukiikataa, OPJ hana haki ya kukupiga wala kukufunga juu umekataa. Kazi yake ni kutuma PV ku parke, na parke ikiona kuna kosa, inapeleka kesi ku tribinali ya amani, ile tunayoita Tripaix. Pale kuna jaji, na pale njo unajieleza. Artikle ya 19 ya Katiba inasema kesi ya kila mtu isikilizwe na jaji mwenye uwezo, na haki ya kujitetea ni ya wote, si ya matajiri tu.

Sasa tuseme ukweli wote, juu hatupendi kudanganya vijana. Kukataa kuna gharama yake. Gari inaweza kulala ku furiere, na furiere inahesabu siku. Parke haina haraka. Kama kosa ni la kweli, ulibeba watu watatu juu ya pikipiki na wewe bila kaske, au uliingia sanse-inteldi mchana jua likiwaka, usiende kupoteza wiki mbili mbele ya jaji. Lipa. Lakini lipa vizuri.

Kulipa vizuri ni hivi. Amande ni feza ya Leta, na mapato ya namna hii yanapita ku DGRAD. Unapewa note de perception yenye jina lako, kosa, kiasi na namba ya konte. Unakwenda ku banki, unalipa, banki inakupa bordro. Ile bordro njo gari yako inatoka nayo. Hakuna pale mkono unaoingia ndani ya pasipoti, hakuna franka iliyokunjwa chini ya permi, hakuna simu ya « rafiki wa shefu » ya kupokea feza kwa mobile money. Kama umetoa feza na huna karatasi, hukulipa amande. Umetoa madeso ya bana, na kesho pa rond-point ya pili watakukamata tena kwa kosa lilelile, na huna cha kuonyesha.

Ku PV tukae kidogo, juu pale njo watu wengi wanaanguka. PV si karatasi ya kusaini ili uende. Ni karatasi itakayosema mahali pako wakati wewe haupo. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, soma. Tafuta tarehe na saa. Tafuta mahali, tena mahali kamili: barabara gani, karibu na nini, si « Lubumbashi » tu. Tafuta namba ya gari, juu kuna PV zenye namba ya gari ya mwingine. Tafuta kosa limeitwaje na ni artikle gani. Tafuta jina na matrikule ya aliyeiandika. Kisha angalia kama maneno yako yapo. Una haki ya kusema: « Andika kwamba nilisimama, taa ilikuwa imezimika kwa kukosa kura. » Akiandika, sawa. Akikataa, wewe mwenyewe andika juu ya sinyatire: « Sikubali. » Neno moja tu. Mbele ya jaji, neno hilo lina uzito kuliko kelele zote ulizopiga barabarani.

Na kama hujui Kifaransa? Usiogope, na usione haya. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, iko ndani ya artikle ya 1 ya Katiba. Artikle ya 18 inasema mtu anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa na mashtaka yake, katika lugha anayoielewa. Inasema pia aweze kuwasiliana mara moja na jamaa yake au mwanasheria wake, na kwamba garde à vue haipiti saa 48. Kiisha saa hizo, wakuachilie au wakupeleke mbele ya wenye haki ya kukuhukumu. Tumeona vijana wamelala siku nne ku kasho ndogo juu ya kukosa asiransi. Hiyo si amande, ni kifungo bila jaji.

Tumetaja asiransi. Kuwa na asiransi ya gari ni lazima tangu ordonansi-sheria ya mwaka 1973, na ni haki iwe hivyo: siku gari inagonga mtoto, asiransi njo inatakiwa kulipa hospitali. Lakini kuna ajenti wanaosema mpaka leo karatasi inayokubaliwa ni ya SONAS peke yake. Sivyo. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko la asiransi, na leo kampuni zilizopewa ruhusa na ARCA zinauza asiransi kihalali. Karatasi yako ikitoka kwa kampuni kama hiyo, hakuna kosa. Vinyeti nayo ni kodi ya jimbo, hapa kwetu inapita ku DRHKAT. Kama haujailipa, ni deni lako kwa jimbo, wala si mfuko wa ajenti. Na mwanajeshi wa FARDC mwenye bunduki pa barabara ya mji, anayekuomba permi saa tatu za usiku? Kuangalia permi si kazi yake. Lakini usiku, mbele ya bunduki, usifanye somo la sheria. Onyesha karatasi, toka salama, andika mahali na saa.

Wengine watasema: « Wandugu, hawa polisi wana njaa, mushahara ni kidogo. » Ni kweli, mushahara ni kidogo. Lakini msifikiri kila franka inabaki kwa yule mnayemuona juani. Mwaka 2024 jarida la American Economic Review lilichapisha uchunguzi wa Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca, Albert Malukisa Nkuku na wenzao juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa. Waligundua kwamba mapato ya kweli ya ile idara ni mara 5 ya yale yanayotoka ku amande. Yanatoka wapi? Ku mapatano kati ya wakubwa, ajenti wa barabarani na OPJ. Kuna kota: mukubwa anadai ajenti amletee idadi fulani ya shofere ku biro, na pale ku biro njo wanakamuliwa. Na uchunguzi unaonyesha kwamba mpango huo unaharibu kazi yenyewe ya polisi. Ni Kinshasa, si Lubumbashi, na hatutachukua namba zao kuzibandika hapa. Lakini shofere aliyeketi mbele yetu, anayekamatwa saa mbili asubuhi kabla hajafanya kosa lolote, neno « kota » halimshangazi.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi vijana hatupendi kusikia. Mpango huu unatufaa pia siku tunapokosea. Taksi-basi isiyo na breki inatoa franka kidogo na inapita. Shofere aliyekunywa anatoa franka kidogo na anapita. Halafu jioni tunakusanyika ku hospitali kuchangia damu. Barabara ambayo kosa la kweli na kosa la uongo vina bei moja, mtu mwenye karatasi zote hana sababu ya kuwa nazo. Manseba mmoja alituambia wazi: « Nilinunua permi, nikanunua asiransi, ninalipa sawa na yule asiye na kitu. Mwaka ujao sinunui. » Tulikosa la kumjibu.

Kama umedaiwa kilichozidi, au umedaiwa kwa kosa ambalo halipo, sheria ina jina la kitendo hicho: konkisio. Ni kosa la jinai, ndani ya kodi penali yetu. Na wengi hawajui mlango wa kugonga. Polisi akifanya kosa, hashtakiwi mbele ya Tripaix kama sisi. Artikle ya 156 ya Katiba inaweka makosa ya wanajeshi na polisi mbele ya mahakama za kijeshi. Kwa hiyo plenti yako inakwenda kwa oditora militeri. Kuna pia Inspeksio Jenerali ya Polisi. Barua moja, kurasa moja: siku, saa, mahali, jina au matrikule, kiasi, mashahidi. Usiandike « polisi wote ni wezi ». Andika « tarehe fulani, saa 2 na dakika 10, pa rond-point fulani, ajenti fulani alichukua ufunguo wangu na kudai franka kadhaa bila PV. » Weka kopi, na waombe wagonge muhuri wa kupokea juu ya kopi yako. Barua bila muhuri wa kupokea, kesho watasema hawajaiona.

Juu ya kupiga filme na simu: kila mtu ana mawazo yake. Sisi tunashauri kalamu kwanza. Simu inawasha hasira, inachukuliwa, na unarudi nyumbani bila simu na bila ushahidi. Resevere ana mikono miwili, aandike.

Kwa wakubwa wa mji na wa polisi tunaomba mambo yanayowezekana wiki hii hii. Tablo ya amande ibandikwe mbele ya kila biro ya PCR, kwa Kifaransa na Kiswahili, na herufi ambazo mtu anasoma bila miwani. Kila ajenti avae jina na matrikule zinazoonekana. Ufunguo usichomolewe na mtu asiingie ndani ya gari la wengine kwa nguvu. Na kama kota ipo, ifutwe. Kama haipo, wakubwa waseme hivyo hadharani na wasaini.

Kwenu shofere, tunaomba kitu kimoja. Kila PV, kila note de perception, kila bordro unayopata, leta kopi kwetu, hata ile uliyolipa kwa haki. Tunaziweka pamoja kwa mwezi, mahali, saa na kosa. Majina yenu hatuyatoi. Tukiwa nazo za kutosha, tutakwenda nazo kwa oditora na kwa meya. Meza ya kupokea kopi iko pale nyuma, kwa mlango, na wandugu wawili wanaojua kuandika plenti wanabaki mpaka saa kumi na mbili. Aliye na PV mfukoni leo, aanze yeye.

Sasa maswali.